Jina Lililoituliza Kometi

Kila jioni kisiwani Takawiri, mwalimu Risper alielekeza darubini kwenye kometi. Upande wake unaofuka vumbi ulipogeukia huku, iling'aa. Ulipogeukia kule, ikafifia. Hivyo ndivyo alivyojua inavyozunguka.

“Inahangaika kama mtoto mchanga,” alisema Dani, nyanya yake. “Mtoto akilia hivyo tunamwitia majina ya waliokufa. Akinyamaza, basi amepata lake.”

Risper alicheka mpaka machozi. Dani, mbishi kama punda, akawa anaita marehemu wa ukoo mzima, jioni baada ya jioni. Kometi haikujali.

Leo mwanga ukatulia tuli. Kometi haikuzunguka tena.

“Dani! Umeita marehemu gani?”

“Leo sijaita marehemu,” Dani alijibu kutoka jikoni. “Nimekuita wewe, Risper, chai inapoa.”