Urukususi wa Mwalimu Wagdi

Mwalimu Wagdi alifundisha jiografia hapa Tanta, Misri, mpaka alipostaafu, kisha akajipa udaktari mwenyewe. Mizizi mitamu ya mmea wa urukususi ilikuwa imemtuliza kiungulia, basi akaamua inatibu kila kitu. Alishinda na jagi la kinywaji chake cheusi, na jirani yeyote aliyekohoa mbele yake alikuwa amejitakia hotuba.

Haji Bayumi wa ghorofa ya chini alikuwa na presha. Wagdi akamwambia aache vidonge.

"Hivyo ni sumu za kiwandani, Haji. Hiki kimetoka ardhini."

"Nimekusikia, Mwalimu," Bayumi akasema, akapokea chupa.

Miguu ya Wagdi ilipovimba, alisema sumu inashuka itoke. Kichwa kilipomgonga, akaongeza jagi la pili. Siku moja akataka kuinuka kwenye kochi, miguu ikagoma. Mkewe Insaf na mimi, shemeji yake Wagdi, tukambeba mpaka hospitali.

Daktari, binti mdogo, akapima. Presha ilikuwa juu sana, na potasiamu kwenye damu imeshuka kiasi cha kutishia moyo.

"Mzee wangu, unatumia dawa gani?"

"Situmii dawa, binti yangu. Mimea tu."

"Urukususi, kutwa kucha," Insaf akadakia. "Na mizizi anaitafuna kama mbuzi."

"Ndio huo uliokulaza. Kidogo, siku chache, kwa mtu mzima wa afya, sawa. Lakini wewe umeufanya maji ya kunywa."

"Lakini ni mmea."

"Hata tumbaku ni mmea, mzee."

Aliporudi nyumbani, Insaf hakumpa nafasi ya kukaa. "Baba Hani, shuka kwa Haji ukamwambie, kabla hujamuua."

Akashuka na mkongojo, akajikohoza mlangoni. "Haji, inaonekana urukususi wa mwaka huu haukuvunwa vizuri..."

"Sema ukweli," Insaf akamwambia kwa nyuma.

"Basi, nilikosea. Rudia vidonge vyako."

Bayumi akamtazama kwa huruma. "Sikuviacha hata siku moja, Mwalimu. Na kile kinywaji nilikuwa namwaga chooni. Nilikuitikia tu ili unyamaze."

Insaf alishukuru Mungu kwa sauti. Mumewe hakushukuru chochote. Alipanda ngazi bila kuaga, na mpaka leo hamsalimii Haji Bayumi, kwa sababu, anasema, mtu yule si mkweli.