Sindano ya Wiki ya Tatu

Wiki ya tatu ndiyo iliyokuwa ikimuumbua. Wiki ya kwanza baada ya sindano, fundi makochi alikuwa fahali: alibeba fremu ya kochi la watu watatu peke yake, akapiga mluzi, akawatania wateja. Wiki ya pili alikuwa mtu wa kawaida tu, mwenye kumshukuru Mungu. Ikifika ya tatu, kuinuka kitandani kwenyewe kulikuwa kazi ya kutwa. Na Jumanne hiyo ilikuwa siku ya kumi na tisa.

Alikuwa amepiga goti mbele ya fremu, anavuta mkanda wa mpira wa kukalia. Mkanda wa kochi hauna huruma. Ukiuvuta legelege, mteja atakaa mara tatu, ya nne atajikuta magoti yamefika kidevuni, na hapo utayasikia maneno yake mpaka mtaa wa pili. Inatakiwa uuvute mpaka mishipa ya shingo isimame, ndipo upige stapla. Aliuvuta, mikono ikamtetemeka, akapiga stapla hapohapo ulipofikia, huku akijua fika kwamba anajidanganya.

Mke wake aliinuka kwenye cherehani. Akaubonyeza mkanda kwa kidole gumba, akazing'oa zile pini kwa bisibisi, akajizungushia mkanda kiganjani na kuegemea nyuma kwa uzito wake wote.

"Piga," akasema.

Mume akapiga. Miaka tisa ya ndoa walikuwa wakifanya kazi chumba kimoja, mume mbao na sponji, mke vitambaa na mishono. Kila kochi lililokwisha walilipima kwa mtindo wao wenyewe: wanakaa wote wawili kwa kishindo, mara tatu, na likilia popote halitoki mlangoni. Wateja walimwita mke Mama Makochi. Jina la mama alikuwa nalo tayari. Mtoto, waliyeanza kumtafuta miaka miwili tu nyuma, ndiye aliyekuwa hajaja.

"Keshokutwa sipo," alisema akirudi kwenye kiti chake. "Hii mingine usivute peke yako. Mwite seremala wa jirani."

"Nitavuta."

"Utavuta nini, wakati mwenyewe unavutwa?"

Ulikuwa utani, ila mke hakucheka. Keshokutwa, Alhamisi, alikuwa analazwa hospitali. Wangemtoboa tumboni, wapitishe kamera, waangalie mirija ya uzazi imekuwaje, maana mwaka mzima wa vidonge na kuhesabu siku ulikuwa umepita patupu. Alishatolewa damu, akapigwa picha, akatiwa dawa ya rangi ndani ya kizazi, kipimo kilichomtoa jasho na machozi kwa pamoja. Daktari wake aliomba mara mbili kwamba mume naye apimwe mbegu. Mara zote mbili mume alijibu hivihivi: "Mimi niko sawa. Niangalie." Na ukimwangalia katika wiki yake ya kwanza, kweli, ungesema bwana huyu anaweza kulitia mimba hata kochi.

Ukoo nao ulikuwa umeshahukumu. Dada mkubwa wa fundi, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki na ambaye neno lake lilikuwa mhuri, alisema hadharani kwamba mdogo wake ni mzima kama chuma, na kwamba mwenye kasoro ni wifi. Wifi alilisikia neno hilo, akalimeza, akaenda kupika.

Jambo ambalo hawakulijua, dada wala mke, ni hizo sindano. Fundi alianza mwaka mmoja na miezi miwili nyuma, uchovu ulipomzidi. Aliingia zahanati moja ndogo nyuma ya soko jioni, ametoka kazini, vumbi la mbao likiwa bado masikioni. Mhudumu wa pale akampima damu, akamwambia homoni yake ya kiume iko chini. Fundi akapiga hesabu zake za kifundi: kochi likibonyea huongezwa sponji, basi mwanamume akiongezewa uanaume, si mtoto atakuja mbio? Alifurahi hata. Alificha kwa sababu aliona aibu, na alijiambia mtoto akishapatikana siri itakufa yenyewe, na sindano zitabaki kati yake na makalio yake.

"Naenda kununua pini za stapla," alisema sasa, akijipangusa magoti.

Mke akalitupia jicho boksi la pini lililokuwa juu ya meza, limejaa nusu na ushee. Akarudisha macho kwenye mshono.

Zahanati ilikuwa na daktari mgeni, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya mtu aliyerudia jambo lilelile mara ishirini tangu asubuhi. Alifungua kadi, akaanza kuhesabu tarehe kwa ncha ya kalamu.

"Sindano nimezichoka, daktari," fundi alisema. "Siku za mwanzo napanda juu, mwishoni naanguka puu. Nimesikia kuna njia nyingine."

"Zipo. Ipo jeli. Unajipaka kila asubuhi mabegani, ngozi ikiwa kavu, unaosha mikono, unavaa shati. Hiyo haikupandishi wala kukushusha sana, inakwenda sawasawa."

"Inanukia?"

"Kidogo. Tatizo lake ni kwamba inahama. Mkeo akikulalia begani kabla hujaoga, naye inamwingia. Anaweza kuota ndevu."

Fundi aliitoa jeli kwenye hesabu mara moja. Mke wake alikuwa na mazoea ya kumlalia begani, au tuseme alikuwa nayo zamani, na siri ya kupakwa kila asubuhi katika nyumba ya chumba na sebule haikai hata siku mbili.

"Ipo ya kubandika kama plasta," daktari akaendelea. "Inawasha ngozi, na kwa jasho la kazi yako itabanduka kabla ya saa nne."

Hiyo nayo ikaenda na maji. Plasta mgongoni, mke ataiulizia.

"Vipo vidonge. Unameza asubuhi na jioni, pamoja na chakula chenye mafuta."

Chakula alipikiwa na nani? Hiyo nayo hapana. Anayemsikiliza fundi huyu angedhani anachagua dawa. Alikuwa anachagua mahali pa kujificha.

"Halafu kipo kipandikizi. Tunachana kidogo hapa nyonga, tunaingiza vipande vidogo chini ya ngozi, tunafunga. Unakaa miezi minne, mitano, bila kuonana na mtu. Ila kikishaingia, kukitoa ni shughuli."

"Hicho," alisema fundi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mgongo ukanyooka. "Nipe hicho."

Daktari akavuta karatasi. Akaandika umri, akaandika kazi, akauliza bila kuinua kichwa, "Watoto wangapi?"

"Bado. Ndiyo tunahangaika. Mke wangu anafanyiwa upasuaji keshokutwa, wanaangalia mirija."

Kalamu ikasimama.

"Mbegu zako zilipimwa kabla hujaanza hizi sindano?"

"Za nini? Hizi sindano si ndizo za kuongeza?"

Daktari aliiweka kalamu chini. Hasira ilimpita usoni, lakini haikuwa ya huyu aliyekaa mbele yake.

"Sikiliza, kaka yangu. Jeli, sindano, plasta, kipandikizi, hizo zinatofautiana mlango wa kuingilia tu. Zikishaingia, kazi ni moja. Mwili ukiona homoni inaletwa kutoka nje, ubongo unaacha kuziamuru korodani. Zinalala. Zikilala, mbegu hazitengenezwi. Wengine zinapungua, wengine zinakwisha kabisa."

"Lakini nguvu ninazo."

"Nguvu unazo. Mbegu ndizo pengine huna."

Fundi aliuliza kama zitarudi. Daktari akasema akiacha, wengi huwarudia: miezi sita, mwaka, wakati mwingine zaidi, na wengine mpaka wasaidiwe na dawa za aina nyingine. Kuahidi hakuweza. Akamuuliza ile damu ya kwanza alipimwa saa ngapi.

"Jioni. Nilikuwa nimetoka kazini."

"Kipimo hicho hufanywa asubuhi, na hurudiwa siku nyingine. Huenda hukuhitaji hata ile sindano ya kwanza." Akafunga kadi. "Na mkeo hajui. Ndiyo maana wazee walisema mficha uchi ha..." Akajikatiza, akavua miwani. "Samahani. Imenitoka."

"Malizia tu, daktari," alisema fundi. "Si ndiyo ilivyo."

Barabarani alitembea kando kando ya ukuta, akipitwa na watu wenye haraka zao. Alichoka miguu, alichoka kichwa, alijichoka mwenyewe. Na katika uchovu huo, akili ikamletea mpango, maana akili ya mwenye hatia haikosi mpango. Anyamaze. Alhamisi wamtoboe mke, wakute mirija mizima, waseme jaribuni tena. Yeye aache sindano kimyakimya, ajikaze kisabuni mwaka mmoja. Mbegu zitarudi, mtoto atakuja, na maisha yataendelea bila mtu kuaibika. Ulikuwa mpango mzuri, haukuwa na tundu. Tundu lilikuwa kwenye tumbo, na tumbo halikuwa lake.

Alipofika mlangoni alisimama. Mke alikuwa ameshamaliza foronya zote za wiki ijayo, amezikunja kwa mpangilio wa kochi moja moja, ili mume asikwame yeye akiwa amelazwa. Begi la hospitali lilikuwa kando ya cherehani: ndala, mswaki, nguo ya kulalia.

"Pini ziko wapi?" aliuliza mke.

"Sikwenda kununua pini."

"Najua."

"Unajua nini?"

Mke akazima cherehani. "Kila baada ya wiki tatu unatoka kwa kisingizio, unarudi na furaha, unapiga mluzi. Mimi si mtoto. Nimeshamzoea huyo mwanamke wako." Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeeleza bei ya kitambaa. "Nilisema moyoni, pengine kwake utapata mtoto. Nilikuwa nasubiri tu uniambie."

Fundi alikaa sakafuni, juu ya mabaki ya sponji. Kama kweli kungekuwa na mwanamke, ingekuwa rahisi zaidi kusema. Akasema yote: zahanati, homoni, sindano, kipandikizi alichokuwa amekichagua kwa kuwa hakionekani, na maneno ya daktari kuhusu mbegu. Alisema alidhani anamletea mtoto. Alisema aliona haya. Hakujitetea zaidi ya hapo, si kwa ushujaa, ila hakuwa na nguvu za kutunga.

Mke alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Siku niliyotiwa ile dawa ya rangi, ulikuwa umeshaanza?"

"Nilikuwa nimeshaanza."

"Ulinishika mkono."

"Nilikushika."

"Ukaniambia nivumilie, ndiyo uanamke."

Fundi alikumbuka vile vidole vilivyombana siku ile, na jinsi alivyojiona mume mwema kwa kutouondoa mkono wake.

"Mimi nimemwomba Mungu msamaha mwaka mzima," alisema mke, "kwa kosa nisilolijua. Nimetafuta kosa mpaka utotoni. Nikasema labda ni yule mtoto wa shangazi niliyempiga kofi." Akatikisa kichwa. "Alhamisi siendi. Hospitali nitawapigia mwenyewe. Wewe mpigie dada yako."

"Nitampigia kesho, nikishajipanga."

"Sasa hivi. Na uweke spika."

Kati ya watu wote duniani, dada ndiye ambaye fundi angelipa chochote asisikie habari hii. Dada aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, aliyekuwa akimtambulisha kwa watu kwa kumpiga mgongoni na kusema, "Mwanamume huyu, mnamwona?" Fundi alipiga. Simu ikapokelewa kwa mlio wa pili.

"Enhe, wifi yangu ameshajiandaa?" sauti ya dada ilijaa karakana nzima. "Mwambie ajikaze. Wakishamzibua huko, mwakani tunacheka."

"Dada, haendi."

"Haendi? Anaogopa nini sasa?"

"Hana tatizo lolote, dada. Tatizo ni mimi."

Sauti ikashuka, ikawa ya siri. "Yuko hapo karibu? Ndiye anayekwambia useme hivyo? Mdogo wangu, kama amekulisha kitu, nijibu ndiyo au hapana tu."

Hapo ndipo mke alipolia. Hakulia aliposikia habari ya sindano wala ya mbegu. Alilia sasa, kwa sauti, kichwa juu ya cherehani, bila kujiziba mdomo. Mwaka mzima alikuwa akilia bafuni maji yakiwa wazi, na mume aliyedhani anaujua uchovu akatambua kwamba alikuwa hajawahi kuisikia sauti hii.

"Nani huyo analia?" dada aliuliza.

"Mke wangu."

"Analia nini?"

Fundi aliiweka simu sakafuni, katikati ya vipande vya sponji.

"Mimi, dada," alisema. "Analilia niliyomfanyia." Na akaanza upya, tangu ile jioni ya kwanza nyuma ya soko.