Vikingio vya Hatuombi Bahari

Kwa heshima na taadhima, umma wa Nachingwea unatangaziwa kwamba wilaya yao, isiyo na hata shibiri moja ya pwani, sasa inamiliki chombo cha tanga.

Chombo chenyewe kilikuwa na urefu wa vitanda viwili vya bweni, tanga lake lilikuwa turubai la kuanikia korosho, na bahari yake ilikuwa bwawa la shule. Ubavuni kiliandikwa HATUOMBI BAHARI. Nahodha alikuwa Zulfa wa kidato cha tatu, aliyejiteua mwenyewe.

Adui alikuwa ukuta wa saruji wa bwawa. Boti ilikuwa imejigonga hapo mara mbili na kupasua mbao mbili. Mwalimu Ildefonsi wa nidhamu akatoa hukumu: "Ubao wa tatu ukipasuka, boti inakwenda jikoni. Kuni."

"Tutaning'iniza vikingio ubavuni, mwalimu," Zulfa akasema. "Hivyo ndivyo vitakavyogonga ukuta."

"Jumamosi nitakuja kuona."

Brigita, baharia pekee, alitaka matairi ya pikipiki. Wakayajaribu. Yalipaka ubavu weusi, yakachota maji, boti ikalala upande kama mlevi. Madumu ya plastiki yalipasuka siku ya kwanza. Ndipo Zulfa akaja na mifuko minne ya nailoni, minene kama paja, imeshindiliwa sufi.

"Sufi haizami," alisema. "Na ukiibana, inarudi."

Mwanzoni waliifunga juu mno. Mifuko ikapanda juu ya ukuta, ubavu ukabaki uchi. Wakaishusha mpaka ikalingana na mdomo wa ukuta.

Jumamosi darasa zima lilijipanga ukingoni.

"Nahodha wa dimbwi!" wakazomea.

"Zomeeni tu, vyura!" Zulfa akajibu. "Meli haigeuzwi kwa kelele!"

Boti ilipoondoka, Brigita aliipandisha mifuko ndani isije ikakokota maji. Wakazunguka bwawa. Wakati wa kurudi, upepo wa mvua ukawakumba na kuwasukuma ukutani kwa kasi.

"Mifuko nje!"

Brigita akaitupa. Zulfa akaangusha tanga. Puu! Boti ikarudi nyuma kidogo, ikatulia.

Mwalimu Ildefonsi akapapasa ubao mmoja mmoja. "Kuni hakuna," akasema, kwa uchungu mkubwa. Kisha akabonyeza mfuko. "Sufi hii umeitoa wapi?"

"Nyumbani Nkowe, mwalimu. Msufi wa babu umepasua matunda juzi."

"Aprili hii, na mvua hizi? Zulfa, mimi mtoto wa mkulima. Msufi hupasua matunda kiangazi."

Brigita akaangalia maji. Zulfa akashuka, akasimama wima kama yuko kwenye gwaride.

"Ni ya mito ya viti vya ofisi ya walimu. Wa kwako ndio nilioanza nao. Nimekujazia maganda ya karanga. Adhabu nipe zote, mwalimu, lakini boti haivunjwi."