Korongo Aliyeligeuzia Jua Mgongo

Korongo alitakiwa kutazama kulia, kunakochomoza jua. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote, maana mchoro wa mdogo wangu ulikaa mbele yangu siku tisa nikiuchonga kwenye shaba.

Katika kazi yetu ya mihuri, kila kitu huchongwa kinyume. Kinachotazama kushoto kwenye shaba, kikigongwa kwenye karatasi kitatazama kulia. Baba alinifundisha hilo kabla sijamaliza kung'oa meno ya utoto, na kwa miaka kumi na saba sikuwa nimekosea hata nukta.

Halmashauri ilikuwa imetangaza shindano la nembo ya mji. Mimi nilipeleka ngao yenye funguo mbili na nyota, kila mstari umepigwa kwa rula. Mdogo wangu, ambaye hata kunoa patasi hajui, alichora tanuri la matofali ambako mji wetu ulianzia, jua likichomoza, na korongo aliyekuwa akijenga kiota juu ya bomba la moshi. Akashinda.

Nilimwonea wivu, na sitaki kuupamba kwa jina jingine. Korongo yule alikuwa wangu. Ni mimi niliyembeba mdogo wangu mgongoni, ana miaka minne na bendeji mguuni, hadi kwenye tanuri lililokwisha kuachwa, nikamwonyesha kile kiota. Ni mimi niliyemwambia kwamba wachoma matofali wa kwanza walikuwa wakimwona ndege huyo akirudi, wanajua mvua zimekwisha, wanawasha moto. Sasa alikuwa gazetini akisema ni "hadithi niliyoisikia utotoni", kana kwamba alisimuliwa na ukuta.

Baba ndiye aliyemalizia. Alikuwa ameinamia mchoro, pua karibu iguse karatasi, kwa sababu macho yalishaanza kumtupa mkono.

"Muhuri utauchonga wewe," aliniambia. "Mwenzako ana kichwa, wewe una mkono. Mimi nataka nini tena?"

Hakukusudia kuniumiza, na hapo ndipo iliponiuma zaidi.

Nilichonga herufi kinyume, tanuri kinyume, jua kinyume. Korongo peke yake nilimchonga vilevile alivyokuwa kwenye mchoro, ili akigongwa aligeuzie jua mgongo. Nilijua lawama zingeweza kunirudia mwenyewe. Sikujali, ilimradi mdogo wangu asifurahi siku ya kuzinduliwa nembo. Nilipomletea Baba kidau cha wino aujaribu muhuri, alikisukuma pembeni. "Mkono wako naujua," alisema.

Ukumbini, meya aligonga muhuri kwenye cheti cha kwanza akakiinua juu. Karani alianza kusoma maelezo ya nembo: tanuri ni jasho la waliotutangulia, korongo analitazama jua, yaani kesho yetu. Akasita. Akakitazama cheti, akaitazama karatasi yake.

"Mbona huyu ametazama kwingine?"

Watu wakaanza kunong'onezana. Baba, aliyeketi mstari wa mbele, aligeuka kunitafuta kwa macho yasiyoona mbali. Mdogo wangu naye alinitazama, na hakuhitaji kutafuta. Alijua. Kisha akasimama.

"Nilibadilisha mwishoni," alisema. "Nilimwomba dada amgeuze. Jua liko pale, halikimbii. Lakini korongo mwenzake bado yuko njiani nyuma, naye anamsubiri."

Wakapiga makofi. Mama mmoja pembeni yangu alifuta machozi, nami nilitamani kumzaba kofi.

Njia nzima ya kurudi nyumbani mdogo wangu alinishika mkono kama alivyokuwa akinishika utotoni, akiongea habari za viatu vyake vilivyombana. Kuhusu korongo hakusema neno, wala hajalisema hadi leo, na sasa sote tuna mvi.

Nembo ile iko kwenye magari ya taka, kwenye sare za shule, kwenye vyeti vyote vya kuzaliwa, cha mjukuu wangu kikiwemo. Majuzi alikuja na daftari nimsikilize somo lake. "Korongo anatazama nyuma," alisoma, "kwa sababu watu wa mji wetu hawaachani." Nikamwambia amepata.

Kila nikipita chini ya nembo hiyo mlangoni pa halmashauri, huinamisha kichwa. Mabawabu hudhani ni heshima. Ni wivu uleule, ila umehama mahali pake. Kuchora, ningeweza kujifunza; kusimama kama alivyosimama siku ile, sijui.