Friza za Haji Khattab

Umeme ulipopandishwa bei kwa mara ya pili ndani ya mwaka mmoja, Inayati, ambaye mtaa wake wote kule Imbaba ulimwita Mama Wagdi, alitangaza vita nyumbani kwake. Balbu ya sebuleni ikang'olewa, ikawekwa kabatini pamoja na pasi. Maji ya kuoga yakawa yanachemshwa kwa sufuria, kopo moja kwa kila mtu. Feni ikaruhusiwa adhuhuri tu, saa ambayo Cairo nzima inatokota. Alikuwa mjane, akiishi na mwanawe Wagdi na mkwewe Rihab, na kila alipotoka kibandani kuongeza umeme kwenye kadi ya mita alirudi amefura kwa hasira, maana kadi ilikuwa haikai. Aliijaza, akageuka, ikaisha.

Angemlaumu nani? Rihab alikuwa msusi. Mabibi harusi walimfuata hapo hapo nyumbani, na kikaushio chake cha nywele kilivuma sebuleni tangu asubuhi.

"Hicho kidude kinanikausha mimi, si nywele za watu," Mama Wagdi alimwambia.

"Mama, leo sijakiwasha hata mara moja."

"Basi mita inaota ndoto?"

Aliyemchochea zaidi ni Haji Khattab, mwenye bucha chini ya nyumba yao. Haji alikuwa mtu wa tabasamu na tasbihi, na jioni nyingine alipanda ngazi kuja kunywa chai ya mnanaa. "Vijana wa siku hizi, dada yangu, hawana uchungu," alisema akikoroga sukari. "Umeme wanauona kama hewa. Mbane huyo binti, la sivyo atakumaliza."

Akambana. Siku moja bibi harusi ameketi kitini na mama yake pembeni, Mama Wagdi aliingia akachomoa waya ukutani. Rihab, mwenye mimba ya miezi saba, alimtazama akiwa na kitana mkononi.

"Mama, nimalize huyu tu, tafadhali."

"Kwenu mlizoea kuunga umeme wa wizi kwenye nguzo, ndiyo maana hujui bei yake. Umeniletea wizi wa kwenu ndani ya nyumba yangu!"

Mama wa bibi harusi alimshika bintiye mkono wakaondoka na nywele zikiwa nusu. Wiki hiyo hiyo Wagdi na mkewe walihamia Mji wa Oktoba, mbali kabisa, na mtoto alipozaliwa, bibi yake alimwona kwenye simu ya jirani.

Sasa nyumba ilikuwa na mtu mmoja, taa moja na jokofu dogo lenye jibini na birika la maji. Kadi ikaendelea kuisha vile vile.

Mwanzoni alidhani mita ni mbovu. Asubuhi moja alizima kila kitu, akachomoa hata jokofu, akazima swichi ya ndani, akashuka ngazini penye mita. Kitaa chekundu cha mita, kinachohesabu umeme unaotumika, kilikuwa kikikonyeza haraka haraka kama kawaida. Mama Wagdi alisimama akikitazama. Akainua mkono, akashusha swichi kubwa iliyo chini ya mita yake.

Nyuma ya ukuta, kwenye stoo ya bucha, mvumo ulikatika. Ulikuwa mvumo wa siku zote, masikio yake yalishauzoea hata hayausikii tena, na kimya kilichoufuata kilimgonga kifuani.

"Nani kagusa umeme?" Haji Khattab alipiga kelele kutoka stoo.

Akairudisha swichi juu. Friza zikaanza tena kuvuma. Haji akajitokeza mlangoni akijifuta mikono kwenye aproni.

"Na kwako umekatika, Mama Wagdi?"

"Umekatika kidogo, Haji. Umesharudi."

"Alhamdulillah. Umeme wa siku hizi si wa kuaminika." Akamtazama usoni bila kupepesa, akatabasamu.

Mama Wagdi alipanda ngazi, akaketi kwenye kiti kile alichokalia bibi harusi. Fedha zilimuuma, ndiyo. Lakini kilichomuuma zaidi ni ile chai. Mtu ameketi hapa, amekunywa chai yake, iliyochemshwa kwa kubana, huku friza zake zikinyonya kadi yake, na akamfundisha kumtukana mkwewe! Angeweza kushuka apige yowe mtaa ujae. Alijua pia litakalofuata: Haji angeukata ule waya saa hiyo hiyo, ashike Msahafu aape, na yeye abaki kikongwe aliyechanganyikiwa kwa upweke. Kwa hiyo alifunga mdomo. Aliendelea kuijaza kadi, na kumsalimia Haji kila asubuhi, na sauti yake ilikuwa tamu kuliko zamani.

Idi ya kuchinja ilipokaribia, Haji alijaza friza zake mpaka vifuniko vikagoma kufunga: maini, mikia, mapaja ya ng'ombe aliyoyanunua bei ilipokuwa chini, akingoja watu washikwe na Idi ndipo ayatoe. Kisha akatangaza kwamba anafunga duka siku chache, anakwenda Beni Suef kuchagua mafahali.

"Nikumbuke kwa dua, Mama Wagdi."

"Nakukumbuka kila siku, Haji. Kila siku."

Gari lake lilipokata kona, Mama Wagdi alitia jibini lake kikapuni akampelekea Saniya, muuza mboga wa mlango wa jirani. Akashuka penye mita, akashusha swichi, akafunga kisanduku chake kwa kufuli. Halafu akapanda treni kwenda kwa dada yake Tanta.

Kule alikula kama harusini. Alilala chini ya feni bila kuona haya. Kila adhuhuri, jua lilipofika utosini, aliweka kijiko chini na kutabasamu peke yake.

"Una nini wewe?" dada yake alimuuliza.

"Napumzika, dada. Sijapumzika mwaka mzima."

Aliporudi, harufu ilimpokea kabla ya mtaa. Watu walisimama mbele ya bucha wamejiziba pua kwa shela na kanzu. Damu nyeusi ilikuwa imetambaa kutoka chini ya mlango wa stoo hadi barabarani, na nzi walikuwa wengi hata wana kelele. Taa za duka zilikuwa zinawaka vizuri, maana hizo zilikuwa kwenye mita ya Haji mwenyewe. Yeye alikuwa katikati, kanzu imelowa jasho. Alipomwona Mama Wagdi akamjia mbio.

"Mama Wagdi! Umezima umeme wako?"

Watu wakageuka. Mama Wagdi akaweka mkoba wake chini taratibu. Sentensi hiyo alikuwa akiingoja tangu asubuhi ile ngazini.

"Nimezima, Haji. Nilisafiri. Mtu akisafiri si anazima umeme wake?"

"Lakini... ungesema!"

"Nikwambie wewe? Umeme wa nyumbani kwangu unakuhusu nini?"

Saniya, ambaye ulimi wake haujawahi kulala, akasogea mbele.

"Haya, Haji, tufahamishe. Umeme wa Mama Wagdi na nyama yako, wapi na wapi?"

Mtu mmoja akacheka, kisha wa pili, kisha mtaa mzima. "Kumbe maini ya Haji yalikuwa wapangaji wa Mama Wagdi!" "Muulizeni tasbihi nayo inatumia umeme wa nani!" Haji akarudi ndani akajifungia na uvundo wake, na Mama Wagdi akapanda ngazi bila haraka, kama mtu aliyebeba sinia la vikombe.

Kesho yake alikwenda Mji wa Oktoba na nguo za mtoto. Alisimulia yote akiwa wima, akiigiza uso wa Haji, na Wagdi alicheka mpaka akajifuta machozi. Rihab hakucheka. Alikuwa anampigapiga mtoto mgongoni.

"Kwa hiyo nyama imeoza," alisema.

"Yote, mwanangu! Hata mkia mmoja haukupona."

"Na mimi nimezaa mtoto wangu hapa, Mama, hata wa kunishika mkono hakuna." Hakupandisha sauti. "Haji aliiba umeme, sawa. Yale maneno uliyonitolea mbele ya wateja, nayo aliyaiba wapi?"

Mama Wagdi aliketi. "Nilikosa, Rihab. Nimekuja kukuambia nilikosa."

"Nimesikia."

Walimpa mtoto akampakata, wakamwandalia mchuzi wa majani ya mlokhia na nyama ya sungura. Alipoinuka kuaga, hakuna aliyemwambia kaa.

Jioni alimkuta Haji Khattab akimngoja ngazini pamoja na wazee wawili wa msikitini. Haji alikuwa ameinamisha kichwa, na mmoja wa wazee ameshika bahasha.

"Shetani alimpitia, Hajati," mzee alisema. "Atalipa kila alichochukua na zaidi. Keshokutwa Idi. Yaishe hapa, yasifike serikalini."

Asubuhi hiyo, kabla ya kwenda kwa Rihab, pengine angeipokea. Alijijua; alikuwa mwepesi wa kusamehe akishacheka. Sasa aliitazama bahasha, akamtazama Haji.

"Mjukuu wangu amelia leo nilipomshika," alisema. "Hanijui. Hilo utalilipaje, Haji?"

"Mama Wagdi, nina watoto—"

"Na mimi nilikuwa nao, hapo juu. Ulikuwa unawaona ukija kunywa chai."

Akapita katikati yao akafunga mlango.

Ofisi ya umeme ilipofunguliwa, yeye alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Mafundi walikuja na polisi mkesha wa Idi, wakabomoa tofali la stoo na kuuvuta waya ukutani, mrefu, mweusi, wakaupiga picha. Bucha ikatiwa lakiri. Mafahali wa Beni Suef walikuwa wamefungwa uani, wakinguruma, na mwenye bucha wa mtaa wa pili alikuwa tayari amefika kuwanunua kwa bei aliyoitaka yeye.

Mama Wagdi aliyatazama haya akiwa barazani juu, glasi ya chai mkononi. Saniya alipanda kumletea fungu la mlokhia, akainama naye kuchungulia.

"Sasa moyo umepoa, dada?"

Chini, Haji alikuwa anapandishwa gari la polisi, na mmoja wa wanawe aliinua uso kuelekea barazani kwa chuki.

"Bado," Mama Wagdi alisema, akasogeza kiti chake apate kuona vizuri.