Siku Sitini na Tano Ndani ya Kozi

Jumanne moja mwishoni mwa Juni, saa tatu na nusu asubuhi, mwalimu Veridiana alikuwa ofisini kwake katika chuo cha kilimo cha Newala akigawa kikombe kimoja cha maji kwa miche mitatu ya mikorosho. Bomba la chuo lilikuwa halijatoa kitu tangu Ijumaa. Mlangoni akabisha hodi mwanamke mwenye mimba, ameshika simu kwa mikono miwili, kioo kikitazama juu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Karibu, keti."

"Mimi ni Mama Ziada, natoka Lisekese. Nimemfuata Baba Ziada." Akaiweka simu mezani taratibu. "Yumo humu."

Ndani ya simu sauti ya mwanamume ikaamkia pia. Veridiana akaitikia, akasogeza pembeni mafaili ili simu ipate nafasi.

Mwanamke huyo jina lake Anifa. Mumewe, Lukmani, alikuwa amejiandikisha kwenye kozi ya afya ya mikorosho, ambayo chuo kiliiweka mtandaoni mwaka huo. Ilitengenezwa na mtaalamu wa mbali, mtu mwenye vyeti vingi ambaye hakuwahi kukanyaga uwanda wa Makonde. Katikati ya Mei Lukmani aliinama juu ya simu kutafuta somo la ubwiriunga, ule ugonjwa unaoyapaka maua ya mkorosho kama unga wa muhogo. Akabofya Moduli, akabofya Kitovu, akaingia Rasilimali, na tangu hapo hakutoka.

Anifa aliyaeleza haya kama mtu anayeeleza safari ya mumewe kwenda kwa ndugu. Kila jioni alimpitishia chakula kwenye kioo cha simu, kwa sahani ndogo ya bati, na sahani ilirudi imelambwa. Simu aliichaji kwa jirani mwenye sola. Shida yake ilikuwa moja tu: mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua, na salfa, ile dawa ya ubwiriunga, ilikuwa bado ndani ya mfuko.

"Mashine ya kupulizia inabebwa mgongoni," alisema, akishika tumbo. "Mimi siiwezi. Vibarua wote wako kwenye mashamba yao. Naomba mnitolee mume wangu kabla maua hayajaungua. Huo ndio mwaka wetu mzima, mwalimu."

Veridiana akaisogelea simu. "Baba Ziada, hapo ulipo unaona nini?"

"Naona mlango umeandikwa Moduli Ndogo ya Tatu, mwalimu. Ule unanirudisha nilikotoka. Kuna mwingine umeandikwa Soma Zaidi. Nimesoma zaidi mara tisa."

Veridiana aliona aibu, maana jina lake lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kozi hiyo, pamoja na picha yake anatabasamu. Akamwachia Anifa kiti, akaenda kwa mratibu wa masomo ya mtandaoni, Bwana Silvano.

Silvano alikuwa mtu mwema, shati lake daima limepigwa pasi. Ukutani kwake palikuwa na chati ndefu ya muda ambao wanafunzi wamekaa kozini, na juu kabisa ya chati palikuwa na jina la Lukmani.

"Huyu ndiye fahari yetu," alisema. "Siku arobaini na tatu hajatoka kwenye kozi hata dakika moja. Wafadhili wameuliza habari zake."

"Amepotea, Bwana Silvano."

"Najua. Mke wake alipiga simu. Lakini mfumo hauna safu ya waliopotea. Una safu ya waliomo."

Hakumkataza Veridiana kuitengeneza kozi upya. Alisema tu asiguse chati.

Veridiana alizaliwa ukingoni mwa uwanda, na utotoni aliteremka na mama yake hadi bondeni kuteka maji. Njia zilikuwa nyingi, na visima vingine vilikauka bila kumwambia mtu. Kwa hiyo wanawake waliotangulia walilaza tawi bichi kwenye njia ya kisima kilichokauka, na waliofuata, wakiliona tawi, hawakupoteza miguu yao. Tena kila kipande cha mlima kilikuwa na mahali pa kutulia ndoo. Hakuna mtu aliyepangiwa kubeba kutoka chini mpaka juu bila kupumua.

Akachukua karatasi, akaichora kozi kama njia ile. Kila somo likawa na urefu ambao mtu anaweza kuubeba kichwani bila kutua. Moduli Ndogo ya Tatu ikawa "Ua likianza kuwa jeupe". Kila ukurasa ukawa na njia moja ya kwenda mbele na moja ya kurudi nyumbani, na juu yake maneno yanayosema uko wapi na umebakiza nini. Milango isiyofika popote, nayo ilikuwa thelathini na saba, aliilazia matawi. Alitaka majani mabichi kabisa, kwa hiyo kila asubuhi alikata matawi ya mkorosho na kuyapitisha kwenye kioo cha kompyuta, na Lukmani akawa anayalaza upande wa ndani.

Kazi hiyo ilichukua wiki tatu. Umeme ulikatika siku sita kati ya hizo. Lukmani alikuwa akipiga miluzi gizani ili wajue bado yupo.

Alitoka siku ya sitini na tano, nyumbani kwake Lisekese, kama saa nne asubuhi. Simu ilikuwa juu ya mkeka, Veridiana na Anifa wamekaa pembeni wakichambua kunde. Ilitoka miguu kwanza, halafu shati, halafu yeye mzima, amekonda kidogo. Binti yake Ziada akamletea maji ya kunawa. Nyuma yake akatoka mwanamke aitwaye Agnes, mkunga wa Lulindi, aliyekuwa ameingia mwaka uliopita kwenye kozi nyingine ya chuo kingine. Alikuwa ameona matawi, akayafuata. Akanywa maji, akauliza kama kuna bodaboda, akaenda zake. Hakuna aliyekuwa akimtafuta, na hilo lilimuuma Veridiana kuliko mengine yote.

Lukmani alitaka kwanza kuona shamba. Walipofika, maua yalikuwa yamekauka meusi kwenye ncha za matawi, mkorosho baada ya mkorosho. Alikishika kichala kimoja, kikapukutika mkononi.

"Hapa ilitakiwa salfa ya kwanza," alisema, na alisema sawasawa kabisa, kama kitabu. "Ni ile wiki niliyokuwa Rasilimali."

Anifa aligeuka upande akalia.

Kozi mpya ilifanya kazi. Wakulima waliingia asubuhi, wakasoma "Ua likianza kuwa jeupe" kwa dakika ishirini, wakatoka, wakabeba mashine wakaenda shambani. Mwisho wa Julai Silvano alimwita Veridiana. Mstari wa chati ulikuwa umeteremka hadi chini. Mbele ya jina la Lukmani mfumo ulikuwa umeandika wenyewe: Ameacha masomo.

"Wanatoka mapema mno," Silvano alisema, na uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli. "Wafadhili wanasema kozi haivutii. Haraka haraka haina baraka, mwalimu."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, Bwana Silvano. Wanatoka kwa sababu wamejua."

"Naamini. Lakini safu hiyo hatuna."

Jumatatu kozi ya zamani ilirudishwa, pamoja na Moduli na Kitovu na picha ya Veridiana anatabasamu. Matawi yalifagiliwa na mtu wa mfumo, yakatoka yamenyauka, wakayapa mbuzi wa mlinzi.

Mwaka uliofuata walijiandikisha watu wengi kuliko mwanzo, maana cheti ni cheti. Barua ya kujiunga iliongezwa mstari mmoja, na Veridiana ndiye aliyeagizwa kuuchapa: mwanafunzi awe na simu janja, nakala ya kitambulisho, na sahani ndogo ya bati yenye jina lake. Sokoni Newala sahani hizo ziliisha ndani ya siku mbili.

Siku ya kuandikisha, wake na akina mama walipanga foleni mbele ya meza yake, sahani mkononi. Hakuna aliyeuliza ni za nini. Waliuliza kama kisamvu kinapita vizuri, na Veridiana akawaambia kinapita, ila mchuzi waupunguze.