Mlango wa Pili wa Zahanati

Uligeuza uso. Usibishe, nilikuona Jumatatu pale zahanati yetu, kamati ilipobandika tangazo: wenye kadi ya bima wapite mbele, wasio nayo watatobolewa mlango wao nyuma, karibu na tanuru la kuchomea taka. "Huduma ni zilezile," liliandikwa. Ukasoma, ukatazama viatu vyako, ukapita. Mimi sisahau. Hata walionyamaza mwaka ule tulipofungiwa bomba la maji ninawajua kwa majina.

Nikaandika pingamizi. Mwisho wa kulipokea ni leo, saa nane mchana. Sheria sikuisomea chuoni. Nimejisomea kitabu kikuukuu cha hukumu za Marekani, cha mitumba, kisicho na jalada wala kurasa za mwisho. Humo nikakuta hukumu ya 1896: watu weusi na weupe waweza kutenganishwa kwenye treni, mradi mabehewa yawe sawa. Nikaona kamati nimeibana. Nikaandika: "Mkitutenga, basi mlango wetu uwe sawa na ule wa mbele." Nikalala nimejaa fahari.

Nilipopitiwa na usingizi nikaota niko zahanati, na zahanati ina magurudumu. Inakwenda. Mbele yangu kaketi mzee mwenye futi ya fundi cherehani shingoni.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ndiye hukumu yako ya 1896. Hebu shika ncha hii."

Tunapima. Mlango wa mbele, mita mbili. Wa nyuma, mita mbili. Jirani yangu Bi. Mwasiti, mwenye kidonda cha kisukari mguuni, anaingia wa nyuma, anatokea kwenye majivu. Anazunguka, anaingia tena. Majivu.

"Mselemu mwanangu," anasema akijipangusa, "mlango mzuri, sawasawa na ule. Sasa daktari yuko wapi?"

Naitazama futi. Futi inakohoa.

"Mimi napima mbao tu," inasema. "Habari za daktari sina."

Zahanati inasimama, imeshakuwa Mahakama ya Juu ya Marekani. Majoho meusi tisa yametundikwa kwenye misumari, ndani hamna watu. Yanasema kwa sauti moja:

"Mzee huyu tulimtengua mwaka 1954, kwenye kesi ya shule. Tulisema kule kutenganisha kwenyewe ndiko kukosa usawa."

"Kitabu changu hakikusema."

"Kitabu chako kimechanika. Umeishia katikati, halafu unakwenda kutisha kamati."

Mzee ananisogelea. "Miaka hamsini na nane walinitii," ananong'ona. "Hata mimi nilishangaa. Na wewe ukaja kuniajiri upya, bila kuuliza kama nimechoka."

Bi. Mwasiti ananipa kifutio chenye majivu ya vidole vyake. "Futa, baba. Mguu wangu hauna miaka hamsini na nane ya kungoja."

Nafuta.

Niliamka kumekucha. Barua ilikuwa mezani nilipoiacha, ila ule mstari wa milango miwili haukuwepo. Mahali pake palikuwa na vichembe vya kifutio, vyeusi kwa majivu. Mimi sina kifutio. Huandika kwa penseli, na nikikosea huwa sikubali.

Nimeujaza mstari upya: mlango mmoja, foleni moja. Karatasi ya sahihi anayo Bi. Mwasiti, amekaa nayo kibarazani kwake, mguu juu ya kigoda. Ofisi inafunga saa nane. Acha hivyo viatu, inua macho, njoo utie sahihi sasa hivi.